Miezi sita haijawahi kumfanya mtu mke

SWALI: Habari za kazi, wakili. Nimeishi na mwenzangu Mbagala miaka saba bila kufunga ndoa. Tuna watoto wawili na tumejenga nyumba Chamazi, ila karatasi za kiwanja zina jina lake peke yake. Alifariki miezi miwili iliyopita. Mashemeji wamekaa kikao cha ukoo kwao Songea, wamemchagua kaka yao mkubwa awe msimamizi wa mirathi, na wananiambia nitoke kwenye nyumba. Watu wananiambia nilishakuwa mke tangu tulipofikisha miezi sita. Kuna mwanasheria nje ya mahakama kasema kwa laki mbili ataniandikia afidaviti ya ndoa ya miaka mitano nyuma, nimeshamtangulizia elfu themanini. Nasikia pia marehemu aliwahi kuwa na mke huko Songea, wakaachana. Nina haki gani? Mama wa wawili, Mbagala.

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yangu. Naanza na hiyo afidaviti, yaani kiapo cha maandishi, maana mengine yote yanasubirika.

Usirudi kwa huyo mtu. Afidaviti ya miaka mitano nyuma inahitaji saini ya marehemu, na marehemu hasaini tena. Ataiigiza. Huko ni kughushi, na siku likilipuka atakayesimama kizimbani ni wewe uliyeipeleka mahakamani, kwa sababu yeye hakuandika jina lake popote. Niliwahi kushika karatasi ya namna hiyo, imepigwa mhuri vizuri kabisa, inasema wahusika waliapa mwaka 2012 "katika Wilaya ya Ubungo". Mwaka 2012 Ubungo haikuwa wilaya, ilikuwa bado ndani ya Kinondoni. Wakili wa upande wa pili aliuliza swali moja tu. Yule mama alikuwa ameishi na mwanamume wake miaka kumi na moja, mtaa mzima unajua, lakini kuanzia dakika ile hakuna aliyetaka kusikia lolote kutoka kinywani mwake.

Sasa hiyo miezi sita. Naisikia kila wiki, kwa bodaboda na kwa wenye digrii, na mpaka leo sijakutana na mtu wa kunionyesha imeandikwa wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema miaka miwili au zaidi. Halafu hata hiyo miaka miwili ndiyo sehemu rahisi. Sheria haisemi kwamba ukimaliza miaka miwili unakuwa mke. Inasema mkiwa mmeishi pamoja muda huo katika hali iliyowafanya watu wawaone kuwa ni mume na mke, mahakama itachukulia kwamba mlioana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Ndiyo maana tunaiita dhana ya ndoa. Dhana inapingika. Mashemeji wana haki ya kuipinga, na wataipinga.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni vile watu walivyowajua ninyi, na hilo haliandikwi na mtu wa mezani nje ya mahakama. Mwenye nyumba wenu wa zamani aliwaandikia mkataba wa pango kwa majina gani? Kadi ya kliniki ya mtoto ina jina la baba? Kazini kwake alikuandikisha kama mwenza kwenye bima ya afya? Jirani mnayechangia naye bomba alikuita nani? Na kuna kitu ambacho watu hukitupa na taka za msiba: ile karatasi ya wasifu wa marehemu inayosomwa siku ya mazishi. Itafute. Kama iliandikwa "ameacha mjane na watoto wawili", na aliyeisoma ni huyohuyo kaka mkubwa anayekufukuza leo, basi unacho kitu ambacho laki mbili hazinunui.

Hapo bado hatujafika Songea, na Songea ndiko kwenye mfupa. Umesema "wakaachana". Waliachanaje? Kwa Kiswahili cha mtaani kuachana ni mtu kubeba sanduku. Kisheria, kama walifunga ndoa ya Kikristo, ndoa hiyo ni ya mke mmoja na haivunjwi ila kwa talaka ya mahakama. Hata wakae mbalimbali miaka ishirini, bila talaka yule bado ni mke wake, na mtu mwenye ndoa ya mke mmoja iliyo hai hana uwezo wa kuoa tena, kwa hiyo dhana ya ndoa haina pa kusimama. Kama ilikuwa ndoa ya Kiislamu au ya kimila, zinazoruhusu mke zaidi ya mmoja, hali ni tofauti na mlango wako unabaki wazi. Ujue jambo hili kabla hujaenda popote. Ukilificha, wenzako watalitoa siku wanayotaka wao.

Dhana ikianguka, hutoki mikono mitupu. Watoto ni wake. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 10, inakataza kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake kwa kiasi cha haki, kwa hiyo vyeti vyao vya kuzaliwa kutoka RITA vyenye jina la baba uviweke pazuri. Nyumba ya Chamazi ni hoja nyingine: kama fedha yako iliingia, unadai kama mtu mwenye chake ndani ya mali ile, hata kama hukuwahi kuwa mke. Tafuta risiti za saruji na nondo, miamala ya simu uliyomtumia fundi, mchezo uliopokea wiki mliyopaua. Fundi mwenyewe yupo, mtafute kabla hajahama.

Usikimbilie kusema "nusu kwa nusu" kwa sababu ya kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983. Ni kweli Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, na ni uamuzi ninaouheshimu. Lakini ile ilikuwa kesi ya talaka, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinachogawa mali za ndoa kinahusu talaka na kutengana kwa amri ya mahakama. Mtu akifa tunaingia kwenye mirathi, na humo unaonyesha ama wewe ni mrithi, ama kuna sehemu ambayo haikuwa ya marehemu tangu mwanzo.

Kuhusu kikao cha ukoo: ukoo unapendekeza, mahakama ndiyo inateua. Kaka mkubwa mwenye muhtasari wa kikao tu hawezi kukutoa wala kuuza. Na wakifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo huko Songea, wamekosea mahali, kwa sababu mahakama hiyo inashughulikia mirathi ya mtu aliyekuwa na makazi yake ya kudumu ndani ya eneo lake, na marehemu alikuwa mtu wa Mbagala. Tena Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale tu mirathi inapofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo wahi Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia Temeke, uliza kama kuna shauri lenye jina la marehemu. Kama lipo na bado hajateuliwa mtu, weka pingamizi. Kama ameshateuliwa, omba uteuzi utenguliwe. Msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe fomu namba 5, yenye orodha ya mali na madeni ya marehemu. Iombe uisome. Ukiona Chamazi imeandikwa ni ya marehemu peke yake, hapo ndipo pa kusema.

Niseme na wasomaji wengine, maana najua mko wengi mnaosoma hapa huku mnahesabu miaka yenu. Nje ya mahakama zetu kuna watu wenye meza, mwavuli na mihuri mitatu. Wengi ni vishoka. Wakili ana leseni, na jina lake unalitafuta bure kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, hata ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Usipomkuta humo, huyo si wakili, awe amevaa tai ya rangi yoyote. Na kama hela ya wakili hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, hawatozi kitu, na hapa Dar es Salaam mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, TAWLA na WLAC, wamezoea kesi kama hii kuliko mawakili wengi wa maghorofani.

Dada, ukienda Temeke beba cheti cha kifo, vyeti vya watoto, huo wasifu, risiti, na majina ya majirani wawili wasiokuwa ndugu zako. Ukimpitia yule wa mwavuli, mdai elfu themanini yako, ila usimwachie hata kopi ya kitambulisho cha marehemu.