Mtoto Anayehesabu Hadi Mia Huenda Bado Haijui Kumi

Jumatano iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayefuatilia makala zangu. Aliandika hivi: "Dada, mwanangu yuko Darasa la Pili. Anahesabu moja hadi mia bila kukosea, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lakini ukimpa 13 kutoa 8 ananyamaza hadi machozi yanamtoka. Mwalimu ananishauri nimtafutie tuisheni. Nifanyeje?" Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikaurudia usiku, na usingizi ulichelewa kunijia, kwa sababu maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka 14 nimefunga vitabu vya hesabu za watu wengine, na nilidhani kwamba mtoto atakayezaliwa nyumbani kwangu atazipenda namba kama mtoto wa fundi seremala anavyoizoea randa. Binti yangu alipokuwa Darasa la Pili, alileta karatasi ya jaribio yenye alama 4 kati ya 20. Nilikwenda shuleni, na mwalimu wake akaniambia, mbele ya wazazi wawili waliokuwa wakisubiri zamu zao, kwamba huyu "si mtoto wa hesabu" na kwamba ni afadhali nimkazanie katika kusoma, ambako anaonekana kuwa na kipaji. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba. Mwalimu huyo alihama zamani, lakini neno lake halijahama moyoni mwangu.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Nilinunua chati ya jedwali la kuzidisha, nikaibandika ukutani karibu na meza ya chakula, nikawa namkaririsha kila jioni kabla ya kula. Baada ya wiki tatu aliweza kuimba mbili mara moja hadi mbili mara kumi na mbili bila kupumua. Jaribio lililofuata alipata 5.

Aliyetufungua macho ni mama yangu mzazi, ambaye hakuvuka Darasa la Nne na ambaye alitusomesha kwa biashara ya vitumbua. Alikuja kututembelea, akatazama zoezi letu la kukariri kwa jioni mbili bila kusema neno, kisha jioni ya tatu akamwaga mkebe wa vizibo vya soda juu ya mkeka na kumwita mjukuu wake. Akanitaka niandike namba yoyote kwenye karatasi. Niliandika 16. Binti yangu akahesabu vizibo 16, sawasawa kabisa, akavipanga. Bibi yake akaweka kidole kwenye 6 na kumwambia, "Nioneshe hii kwenye vizibo." Mtoto akatenga vizibo sita. Kisha akaweka kidole kwenye 1. "Na hii?" Mtoto akatenga kizibo kimoja. Vikabaki tisa katikati ya mkeka.

"Na hivi tisa je?"

"Hivyo vimebaki tu, bibi."

Nilihisi mwili ukiniishia nguvu. Mtoto wangu, aliyekuwa akihesabu hadi mia kwa lugha mbili, alikuwa akiiona 16 kama 1 na 6 zilizokaa jirani. Hakujua kwamba ile 1 ni kumi nzima. Kwake namba zilikuwa wimbo wenye mpangilio, na mimi nilikuwa nimemwongezea wimbo mwingine.

Tangu siku hiyo nimeamini, na sijapata sababu ya kubadili imani yangu, kwamba miaka miwili ya mwanzo ya shule ina kazi moja kubwa ya hesabu, nayo ni kuijua kumi: kuiunda, kuivunja, na kuiona ndani ya namba iliyoandikwa. Mtaala wa mwaka 2015 uliweka KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kuwa shughuli kuu ya Darasa la Kwanza na la Pili, na wazazi wengi tuliisikia K ya tatu tukafikiri kwamba kuhesabu ni kutaja namba kwa mfuatano. Kutaja ni mlango tu.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa, kisha inatuacha njiani, na mzazi anapaswa kujua ni wapi. Ukisema "kumi na sita" umekwisha kumfungulia mtoto namba hiyo: kuna kumi, na kuna sita. Anayejifunza kwa Kiingereza hapati msaada huo anapofika kumi na moja na kumi na mbili, kwa kuwa majina yake huko hayaitaji kumi waziwazi. Lakini tukifika ishirini tunaingia katika majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Mtoto anaweza kuisikia sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini na tisa ndani ya tisini. Hawezi kuisikia mbili ndani ya ishirini, wala tatu ndani ya thelathini, wala nne ndani ya arobaini, wala tano ndani ya hamsini, wala nane ndani ya themanini. Ndiyo maana binti yangu alipoambiwa aandike "arobaini na nane" aliandika 408, yaani arobaini, halafu nane. Aliandika alichosikia. Dawa yake ilikuwa kuzitaja namba kwa njia mbili kwa muda wa mwezi mzima: arobaini na nane, makumi manne na nane, themanini na nne, makumi manane na nne. Tuliyasema hayo njiani, tukiosha vyombo, na tukisubiri daladala.

Kila kumi ya vijiti tuliifunga kwa mpira. Kumi ikifungwa inakuwa kitu kimoja unachoweza kukishika, na ikihitajika kuvunjwa, mpira unafunguliwa. Kabla ya hapo, ukimpa 62 kutoa 28 alikuwa akiandika 46, kwa sababu aliona 2 na 8 na akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Alipokuwa na mafungu sita mkononi na vijiti viwili pembeni, na akatakiwa kutoa vinane, alitazama vile viwili, akatazama mafungu, kisha akafungua mpira mwenyewe. Sikumwambia. Nilikuwa nimekaa naye sakafuni, na nadiriki kusema kwamba sijawahi kufunga mahesabu ya mwaka ya kampuni yoyote kwa furaha niliyoipata siku ile.

Jozi za kumi nazo zilimkaa vizuri: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Alijitungia msemo wake mwenyewe: "Nane inadai mbili." Akipewa 8 kujumlisha 5 alisema kwamba nane inadai mbili, tano inalipa mbili, inabaki na tatu, basi ni kumi na tatu. Huko ndiko kuhesabu. Vilevile 13 kutoa 8, swali lililomliza mtoto wa msomaji wangu, linakuwa jepesi pale mtoto anapoiona 13 kama kumi na tatu: nane itoke kwenye kumi, zibaki mbili, zikutane na tatu, ziwe tano.

Mama yangu alimfundisha pia kurudisha chenji kwa kupanda. Kitu ni shilingi 700, mteja ametoa noti ya 1,000: huandiki 1,000 kutoa 700, bali unaweka sarafu za mia moja moja kwenye kiganja cha mteja ukisema mia nane, mia tisa, elfu. Kutoa kumekuwa kuongeza. Sokoni, mafungu ya nyanya yalimwonesha kuzidisha kabla ya chati yoyote, kwani mafungu matatu ya nyanya nne nne ni nyanya 12 zinazoonekana kwa macho. Na trei la mayai lenye mistari mitano ya sita sita lilimwonesha kwamba ukiligeuza linakuwa mistari sita ya tano tano, na mayai yanabaki 30.

Mafumbo ya maneno yataka uangalifu wake. Neno "zaidi" huwahadaa watoto. "Asha ana maembe 9, nayo ni 4 zaidi ya maembe ya Juma, Juma ana mangapi?" Wengi watajumlisha wapate 13. Mwache mtoto alichore swali kabla ya kugusa namba.

Wazazi wenzangu, naomba niliseme hili bila kumung'unya maneno. Mtoto anayehesabu kwa vidole msimpige. Mimi nilichapwa Darasa la Pili kwa kuficha vidole chini ya dawati, na hadi leo nikiulizwa jumla mbele ya watu mkono wangu hujificha wenyewe. Vidole ni kumi, navyo ni kumi ya kwanza ambayo mtoto anaimiliki. Ataviacha siku atakapokuwa nayo kichwani. Acheni pia kuwasimamisha watoto mbele ya wageni wahesabu hadi mia ili tupigiwe makofi sisi. Na tuisheni ya kukaririsha, kwa mtoto ambaye hajaijua kumi, itamchosha mtoto na kukumalizia fedha. Kaeni nao sakafuni dakika 15 kila jioni. Hakuna mzazi aliyekosa dakika 15.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, kwa kuwa ilikuwa vijiti na mipira jioni baada ya jioni. Katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne binti yangu alipata daraja A katika Hisabati. Wiki mbili zilizopita, sasa akiwa Darasa la Tano, ameleta 47 kati ya 50, na karatasi hiyo nimeibandika mahali ilipokuwa ile chati.

Basi, dada uliyeniandikia, tuisheni isubiri. Leo usiku tafuta vizibo 24, au maharage, au mawe. Andika 24 kwa tarakimu kubwa, mwambie ahesabu vyote, kisha gusa 4 na umwombe akuoneshe hiyo kwenye vizibo. Halafu gusa 2. Usimsaidie, usikunje uso, usimkatize. Hesabu vinavyobaki katikati, kisha niandikie kesho uniambie ni vingapi.