Tumbawe kugeuka jeupe tangini
Huenda halijafa, limepauka tu: mwani unaoishi ndani yake na kulilisha umetoka. Limulike kwa tochi ubavuni. Ukiona utando laini unaong'aa juu ya mfupa, na minyiri ikichomoza usiku, lingali hai. Mfupa mtupu ulioota mwani ndio basi tena.

Punguza mwanga kwa nusu, ulilishe chembe ndogo mara mbili kwa wiki. Ila pima chumvi kwanza: tangi dogo hupoteza maji kwa mvuke, chumvi ikabaki na kupanda. Iwe gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 hadi 26. Fidia mvuke kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Ukirekebisha yote siku moja utalimaliza mwenyewe.