Seongnam, mji uliozaliwa na bomoabomoa: maswali yenu na majibu

Wiki mbili zilizopita nilidokeza tu, nikiwa naelekea kwenye jambo jingine, kwamba Rais wa sasa wa Korea Kusini, Lee Jae-myung, aliwahi kuwa meya wa Seongnam, mji uliokaa ubavuni mwa Seoul na ulioanza kwa watu kuhamishwa kwa nguvu. Jambo lenyewe hamkuliuliza. Mmeuliza Seongnam. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi, mengine nimeyafupisha.

Seongnam ni kitongoji cha Seoul au ni mji kamili? (Msomaji, Morogoro)

Ni mji kamili. Una meya wake, baraza lake, bajeti yake, na uko katika mkoa wa Gyeonggi unaoizunguka Seoul kama pete. Watu wake ni zaidi ya laki tisa katika eneo la kilomita za mraba 141, na wamegawanyika katika wilaya tatu: Sujeong, Jungwon na Bundang. Jina lina maana ya "kusini mwa ngome". Ngome yenyewe ni Namhansanseong, iliyoko mlimani juu ya mji, ambayo Mfalme Injo alijificha ndani yake siku 47 mwaka 1636 hadi 1637 kabla ya kusalimu amri kwa Wamanchu. Tangu 2014 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo mji huu umebeba jina la ngome, wala Seoul haimo katika jina hilo, jambo ambalo wenyeji hulitaja kwa fahari kidogo.

Umeandika kwamba mji ulianza kwa watu kuhamishwa kwa nguvu. Mimi nilishuhudia majirani zetu wa Jangwani wakipelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011. Je, ni kisa cha aina hiyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kinafanana, lakini tofauti ya kwanza ni kwamba kule hapakuwa na mafuriko ya kusingizia. Miaka ya sitini watu wa vijijini walimiminika Seoul kutafuta kazi, wakajenga vibanda vya mbao kando ya kijito cha Cheonggyecheon na kwenye miteremko ya vilima. Mji mkuu ukataka usafi. Halmashauri ya Seoul ikatwaa ardhi nje ya mipaka yake, katika wilaya ya Gwangju. (Msiichanganye na Gwangju ya kusini, ile ya maandamano ya 1980. Majina yanafanana tu.) Kuanzia 1969 vibanda vikabomolewa, na familia zikapakiwa kwenye malori pamoja na sufuria na magodoro, zikashushwa huko.

Walichokuta ni mahema na vilima vilivyochongwa. Kila familia ilipimiwa kiwanja cha pyeong 20, yaani kama mita za mraba 66. Mpimaji aliweka rula juu ya ramani bila kujali mlima, na ndiyo maana hadi leo mitaa ya mji wa zamani inapanda wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Viwanda walivyoahidiwa havikuwepo. Maji yalikuwa ya shida, choo cha shida zaidi, na basi la kwenda Seoul kutafuta kibarua lilikula nusu ya kibarua chenyewe. Wengi wakauza kadi zao za viwanja wakarudi Seoul kujenga kibanda kingine. Kadi hizo wakazinunua walanguzi, na pia maskini wengine waliodhani wamepata bahati.

Mwaka 1971, uchaguzi ulipokwisha (hapo naona mnatabasamu), Halmashauri ikawataka walionunua kadi walipe bei ya ardhi kwa mkupuo, bei iliyopita mara kadhaa waliyotarajia, na mkoa nao ukaongeza kodi ya majengo. Wananchi wakaunda kamati, wakaomba kuonana na Meya wa Seoul, Yang Taek-sik. Akakubali: tarehe 10 Agosti, saa tano asubuhi. Watu makumi elfu wakakusanyika mlimani kwenye mvua. Saa tano ikafika, Meya hajatokea.

Yaliyofuata yalichukua kama saa sita. Ofisi ya mradi ilichomwa, magari ya serikali yakachomwa, mabasi yakatekwa yaelekezwe Seoul. Jioni hiyohiyo Meya alikubali madai yao. Watu zaidi ya ishirini walikamatwa. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Julai 1973, eneo hilo likapandishwa hadhi kuwa mji wa Seongnam.

Kwa miongo mingi tukio hilo liliitwa ghasia, na waliokuwepo walikaa kimya wasije wakaonekana wahuni. Mwaka 2021, ulipotimia mwaka wa hamsini, mji wenyewe uliamua kuliita vuguvugu la haki za raia. Mimi ningeanzia hapo kueleza utambulisho wa Seongnam. Mji huu ulitupwa na jirani yake mkubwa, nao ukafoka kabla haujapata hata jina.

Huku kwetu mtu wa Ruiru au Syokimau akiulizwa anaishi wapi, anasema Nairobi. Huko nako wanasema Seoul? (Msomaji, Ruiru)

Kwa Seongnam kuna kituko kikubwa zaidi: nusu ya mji haipendi kutaja jina la mji wenyewe. Muulize mkazi wa wilaya ya Bundang anaishi wapi, atakwambia "Bundang" na kunyamaza. Hasemi Seoul wala Seongnam.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 1971 huohuo Serikali iliizungushia Seoul ukanda wa kijani usioruhusiwa kujengwa, na kadiri mji mkuu ulivyofura, bei za nyumba zikapaa. Aprili 1989 Serikali ya Rais Roh Tae-woo, iliyokuwa imeahidi nyumba milioni mbili nchi nzima, ikatangaza miji mipya Bundang na Ilsan. Pamoja nayo zikaja Pyeongchon, Sanbon na Jungdong, ikawa mitano iliyoruka ule ukanda. Bundang ilikuwa mashamba ndani ya mipaka ya Seongnam, na ilipangwa kwa watu 390,000. Wakazi wa kwanza waliingia Septemba 1991. Hesabu miezi: si mingi. Nyumba zilipatikana kwa bahati nasibu ya walioweka akiba, na walioshinda wengi walikuwa watu wa tabaka la kati kutoka Seoul, walioikuta bustani, shule nzuri, maduka makubwa na barabara zilizonyooka. Pakazuka msemo wa vina: "cheondang arae Bundang", yaani chini ya pepo ni Bundang.

Sasa fikiria mzee wa mji wa zamani aliyeshushwa na lori mwaka 1969, anatazama bondeni anaona pepo ya wenzake imejengwa ndani ya manispaa yake. Zimewahi kusikika sauti za kutaka Bundang ijitenge iwe mji wake. Hazikufika popote, na sababu mojawapo si ya kimapenzi: kodi ya Bundang ndiyo inayoupa mji wote misuli. Mwaka 2009 jengo jipya la manispaa lilifunguliwa Yeosu-dong, mahali palipo kati ya pande hizo mbili. Lilimeza won zaidi ya bilioni 320, na hapo pande zote mbili zikapata jambo la kulalamikia kwa pamoja.

Kwa hiyo ni mji wa kulala tu? Watu wanaamka wanakwenda Seoul? (Msomaji, Kibaha)

Ulikuwa hivyo. Wakorea wana neno lao la kuazima kutoka Kiingereza lenye maana ya mji wa kitanda, na Bundang ya miaka ya tisini ilikuwa mfano wake. Treni ya kwanza kutoka Suseo, ukingoni mwa Seoul, ilianza 1994, na asubuhi ilijaa upande mmoja tu.

Kilichobadilisha mambo ni Pangyo, kipande cha kaskazini cha wilaya ya Bundang. Mkoa wa Gyeonggi ulitenga viwanja humo kwa ajili ya kampuni za teknolojia, kwa masharti, badala ya kuachia kila kipande kiwe fleti. Leo ndiko waliko Kakao, Nexon na NCSoft, na Naver wako kituo kimoja kusini, Jeongja. Reli ya Shinbundang iliyofunguliwa Oktoba 2011 inakufikisha Gangnam, eneo la biashara kusini mwa Seoul, kwa robo saa hivi. Asubuhi ya siku hizi vijana wa Seoul wanapanda treni kwenda Seongnam kazini. Mji uliotupiwa watu wasio na kazi sasa unagawa kazi.

Kuna hata mzaha wa watafuta ajira: kwamba kuna mstari kusini ambao mhitimu hataki kuuvuka, na kwa kazi za ofisini mstari huo unapita Pangyo. Ukiajiriwa chini ya hapo, eti umekwenda shamba. Na wenye ofisi zao hapo wanatuhumiwa kuwa na "lahaja ya Pangyo", Kikorea kilichochanganywa Kiingereza cha kampuni hadi mama mzazi haelewi. Nadhani ofisi za Upanga na Westlands mnaijua lahaja hiyo.

Konza yetu inaweza kuwa Pangyo? (Msomaji, Machakos)

Korea imekopesha fedha za chuo cha sayansi huko Konza, mji wa teknolojia unaojengwa Kenya, kwa hiyo swali lina msingi. Ila tazama umbali. Pangyo haikuwavuta wahandisi waende mbali. Iliwekwa mahali ambapo wahandisi tayari walikuwa wanapita kila asubuhi wakielekea Gangnam. Nyumba zilitangulia kwa karibu miaka ishirini, reli ikafuata, ofisi zikaja mwisho. Konza iko kama kilomita 60 kutoka Nairobi na imeanza na ofisi. Sisemi haiwezi. Nasema msiige jengo mkaacha ratiba ya treni.

Wana timu? (Msomaji, Tanga)

Wanayo, na historia yake ni kama ya wakazi. Klabu ya soka ya Ilhwa ilianzishwa 1989 ikiwa na makao Seoul. Ligi ilipoamua kuzitoa klabu ndani ya mji mkuu ili kuzisambaza mikoani, ikahamia Cheonan mwaka 1996, kisha Seongnam mwaka 2000. Ina mataji saba ya ligi na ilitwaa ubingwa wa klabu Asia mwaka 2010. Mwaka 2014 mji uliinunua ikawa Seongnam FC, timu ya wananchi, ikavaa nyeusi, na mwaka huohuo ikabeba Kombe la FA. Mwaka 2022 ikashuka daraja. Uwanja wanaoutumia uko Bundang, uwanja wa zamani uko upande wa Moran, katika mji wa zamani. Hata kwenye mpira, ule mstari wa katikati ya mji uko palepale.

Huyo Lee Jae-myung aliufanyia nini mji, au ulimfanyia nini? (Msomaji, Mombasa)

Nianze na pili. Aliingia Seongnam mwaka 1976 na familia yake maskini, akiwa bado mtoto, akafanya kazi viwandani badala ya kwenda shule ya sekondari. Mashine ilimponda mkono, na hadi leo haunyooki sawasawa. Akajisomea, akawa mwanasheria, akarudi kufanya kazi mji uleule.

Alipokuwa meya mwaka 2010, miezi ya kwanza tu alitangaza kwamba mji umeshindwa kulipa deni lililotokana na fedha za mradi wa Pangyo. Wapinzani walisema ni maigizo. Kilichobaki kwenye kumbukumbu za wengi ni posho ya vijana ya 2016: kila mkazi wa miaka 24 aliyeishi mjini miaka mitatu alipewa vocha inayotumika katika maduka ya Seongnam tu. Serikali kuu ilipinga vikali. Wapo vijana walioziuza mtandaoni kwa bei ya hasara, wakachekwa. Lakini ona ujanja wake: fedha isiyoweza kuvuka mpaka kwenda kununua viatu Seoul. Sijui sera nyingine iliyoeleza ugomvi wa mji mdogo na mji mkuu kwa kipande kidogo cha karatasi namna hiyo. Kesi za miradi ya nyumba za enzi zake ni habari ndefu. Zinahitaji safu yao.

Kwa nini wasiunganishwe na Seoul yakaisha? (Msomaji, Bujumbura)

Oktoba 2023 chama kilichokuwa madarakani kilipendekeza mji jirani wa Gimpo uingizwe Seoul, na kwa majuma kadhaa kila mji wa pembeni ukawa unajipima. Baada ya uchaguzi wa bunge wa Aprili 2024, ambao chama hicho kilishindwa vibaya, hoja ikafifia. Miji midogo tu ndiyo yenye dalili za Seoul: Gwangmyeong na Gwacheon hutumia msimbo wa simu wa mji mkuu, 02. Seongnam inatumia 031 ya mkoa. Na ukiwa na Pangyo mfukoni, unajiunga ili upate nini?

Shikamoo kaka. Nimepata nafasi ya kusoma Yongin kuanzia Machi. Nikipata siku moja ya Seongnam, niende wapi? (Msomaji, Zanzibar)

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Yongin inapakana na Seongnam kwa kusini, na bila shaka unajua kwamba Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kwenye kampasi yake ya Yongin, kinafundisha Kiswahili. Utakutana na Wakorea watakaokusahihisha ngeli, vumilia.

Pangyo utaiona tu, ni vioo na kahawa. Chagua tarehe inayoishia na 4 au 9, uende gulio la Moran. Mwanzilishi wake alikuwa mkimbizi kutoka kaskazini aliyelipa jina la kilima cha Moranbong cha Pyongyang, kwao. Zamani lilijulikana kwa nyama ya mbwa. Mabanda ya kuchinjia yalianza kuondolewa kwa makubaliano ya mwishoni mwa 2016. Pembeni yake kuna kichochoro cha wakamuaji mafuta ya ufuta, na harufu yake utaisikia kabla hujakiona. Kula tambi za mkono, usishibe sana.

Kisha panda treni kituo kimoja hadi Taepyeong, ushuke, uanze kupanda mlima. Nyumba utakazoziona kushoto na kulia, nyembamba, zimebanana bega kwa bega, nyingi bado zimesimama juu ya viwanja vilevile vya mita 66. Vaa raba.