Nafasi Moja ya Mkutano wa UKIMWI: Barua kwa Mwanangu Zuwena

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Baba yako anakusalimu, na wadogo zako wanakuulizia kila siku. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, na nimeona kuwa swali ulilouliza halifai kujibiwa kwa simu ya haraka haraka, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Umenieleza kwamba muhtasari wa kazi yenu umekubaliwa katika mkutano mkubwa wa kimataifa wa UKIMWI, na kwamba waandaaji wametoa ufadhili wa mtu mmoja tu, kwa jina lako. Umesema moyo wako hautulii kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ile imefanywa na mwelimishaji rika wenu, yule kijana aliyekuwa akitumia unga, anayeishi na VVU, ambaye kila asubuhi hunywa methadone yake, dawa ya kumsaidia asirudie unga, katika kliniki ya Kidongo Chekundu kisha akaingia maskani kuwatafuta wenzake waje kupimwa. Unauliza uende wewe au ufanye bidii aende yeye. Tena umeongeza kwamba baadhi ya wenzako kazini wanasema mikutano ile ni ya kula posho na kupiga picha, kwa hiyo aende yeyote, hakuna kitakachobadilika.

Jibu langu, mwanangu, ni kwamba ufanye kila linalowezekana aende yeye, au mwende nyote wawili. Sisemi hivi kwa kumhurumia. Nasema kwa sababu nimewahi kuhudhuria mkutano wa aina hiyo, na nilichokiona kilinithibitishia kwamba mambo makubwa katika historia ya maradhi haya yalisogea pale wenye virusi miilini mwao waliposimama mbele ya wenye madaraka wakasema wanataka nini.

Unajua kwamba nilikwenda Durban, Afrika Kusini, mwezi wa Julai mwaka 2000, ingawa sikumbuki kama niliwahi kukuhadithia vizuri, ulikuwa mdogo. Ulikuwa mkutano wa kumi na tatu wa kimataifa wa UKIMWI, na wa kwanza kufanyika katika bara letu, ilhali mikutano hiyo ilianza Atlanta, Marekani, mwaka 1985. Zaidi ya watu 12,000 walihudhuria. Mimi nilikuwa mkunga wa kutoka Pemba, na hapa kwetu hali ilikuwa hivi: wagonjwa wa kwanza watatu wa Zanzibar walikuwa wameshatambuliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja tangu mwaka 1986, chama cha ZAPHA+ cha watu wanaoishi na virusi kilikwishaundwa, lakini dawa hazikuwepo. Mama akija kujifungua na tukashuku kuwa anao, tulikuwa na glavu zetu na dua zetu, basi.

Ufunguzi ulifanyika usiku katika uwanja wa kriketi wa Kingsmead. Rais Thabo Mbeki alihutubia, na wengi wetu tulikuwa tukimngojea aseme wazi kwamba VVU ndivyo visababishavyo UKIMWI, kwa sababu alikuwa ameanza kuwasikiliza watu wanaolikanusha jambo hilo, hadi wanasayansi zaidi ya 5,000 wakatia saini tamko la kuthibitisha ukweli huo kabla ya mkutano kuanza. Hakusema. Alizungumza juu ya umaskini, na umaskini ni kweli upo, lakini hakusema. Kisha akapanda jukwaani mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, amevaa suti iliyompwaya na raba miguuni, ameshika kipaza sauti mkononi, mwembamba kiasi cha kutisha. Alieleza kwamba alizaliwa na virusi, kwamba mama yake mzazi alikuwa amekwishafariki, na kwamba skuli ilisitasita kumpokea. Halafu akaiomba serikali ya nchi yake iwape kina mama wajawazito dawa ya AZT ili virusi visiwapitie watoto wao.

Zuwena, mimi nilikuwa nimeketi mbali, karibu na wauguzi wa kutoka Malawi, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Mwaka mmoja kabla yake, utafiti uliofanyika Uganda ulikuwa umeonesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama anapokuwa na uchungu, na matone kidogo kwa mtoto baada ya kuzaliwa, hupunguza karibu nusu ya maambukizi ukilinganisha na AZT ya muda mfupi. Jambo lile nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi. Kulisikia likidaiwa na mtoto ambaye lingemfaa, na ambaye lilikuwa limeshamchelewea, kulinifanya nitoke pale nikiwa mkunga wa namna nyingine. Nkosi alifariki tarehe 1 Juni mwaka uliofuata. Mola amrehemu mama yake na kila aliyemlea.

Kulekule mkutanoni, baada ya ufunguzi, nilimsikiliza Jaji Edwin Cameron wa Afrika Kusini, ambaye alisema mbele ya ukumbi mzima kwamba yeye anaishi na virusi, na kwamba yu hai kwa sababu mshahara wa jaji unamwezesha kulipia dawa za karibu dola 400 kwa mwezi, wakati mamilioni ya Waafrika wenzake wanakufa kwa kukosa fedha hizo. Nje ya kumbi, wanaharakati wa Afrika Kusini walikuwa wameandamana wakidai jambo lilelile. Wapo waliowaona wakorofi. Mimi niliwaona ndio waliolielewa jambo kuliko wataalamu wengi waliokuwa ndani.

Hapo ndipo jibu la wenzako wanaosema hakuna kinachobadilika. Wakati ule mchanganyiko wa dawa tatu, ambao ufanisi wake ulitangazwa katika mkutano wa Vancouver mwaka 1996, uliuzwa kwa dola 10,000 na zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi wa Februari mwaka 2001, miezi michache tu baada ya Durban, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa dola 350. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Sisi Zanzibar dawa za kufubaza virusi tulianza kuwapa wagonjwa mwaka 2005, na leo Mfuko huo hununua dawa za mwaka mzima za mtu mmoja kwa chini ya dola 45. Sisemi kwamba mkutano peke yake ulishusha bei. Viwanda, mahakama, serikali na waandamanaji wote wana sehemu yao. Lakini Durban iliwaondolea wakubwa wa dunia kisingizio cha kusema hawakujua.

Kuhusu posho, wenzako hawakukosea kabisa. Nilishuhudia wajumbe waliokuja kukusanya mikoba ya kampuni za dawa, wakahudhuria ufunguzi, kisha wakaonekana tena siku ya kufunga. Fedha hizo ni za umma na za wagonjwa, na ni aibu. Dawa ya ubaya huo ni kumpeleka mtu ambaye ana shida na jibu, wala si kuacha kwenda.

Sasa yupo mtu wa aina hiyo kwenu, na historia ya mikutano hii inaonesha pia jinsi watu kama yeye wanavyoachwa nje. Mwaka 1987 Marekani ilipiga marufuku wageni wenye VVU kuingia nchini mwake, na kwa sababu hiyo mkutano wa mwaka 1992, uliokuwa ufanyike Boston, ulihamishiwa Amsterdam. Marufuku ile iliondolewa Januari 2010, na mkutano ukarudi Washington mwaka 2012, lakini hata hapo sheria za viza ziliendelea kuwazuia watu wanaofanya biashara ya ngono na wanaotumia dawa za kulevya, hata wanawake na wanaume wanaofanya biashara hiyo wakafanya mkutano wao wenyewe Kolkata, India. Mwaka 2022, mkutano wa Montreal ulifunguliwa huku wajumbe wengi wa Afrika wakiwa wamenyimwa viza au hawajajibiwa. Mlango huu si rahisi, nawe usidhani kutaja jina lake tu kutatosha.

Kabla ya hayo yote lipo jambo moja. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika kwamba umemuuliza mwenyewe. Muulize, tena kwa faragha, na umpe siku za kufikiri. Picha za mkutano huzagaa dunia nzima siku hiyo hiyo, na Unguja ni ndogo. Picha moja ikimfikia sheha wake, au mama yake ambaye pengine hajaambiwa, yeye ndiye atakayekaa na matokeo, si wewe wala mfadhili. Huenda akakubali kuzungumza lakini akakataa kupigwa picha, na ana haki hiyo. Huenda akakataa kabisa. Akikataa, usimbembeleze.

Akikubali, waandikie waandaaji mapema, ueleze kwa uwazi kazi ameifanya nani, na uombe ama jina libadilishwe ama mfadhiliwe wawili. Usiandike kwa kunyenyekea kana kwamba unaomba sadaka. Eleza kazi aliyoifanya, ni watu wangapi aliowafikia na wangapi waliokubali kupimwa, maana takwimu hizo mnazo kliniki.

Halafu yapo mambo ya safari ambayo muuguzi ndiye anayeyajua. Fomu za viza za nchi nyingi huuliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani. Ikiwa aliwahi kufungwa kwa sababu ya unga, ajibu kweli na aambatanishe barua ya kliniki inayoeleza matibabu yake, kwa sababu uongo ukigunduliwa humfungia mtu mlango kwa miaka mingi. Dawa zake za kufubaza virusi azichukue kwenye mkoba wa mkononi, katika chupa zake zenye lebo, za kutosha hata ndege ikichelewa. Methadone ndiyo ngumu zaidi. Hiyo imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, na si nchi mnayokwendea tu, bali hata nchi mtakayobadilishia ndege, inaweza kuhitaji kibali mapema. Nchi za Ghuba, ambako ndege nyingi za Unguja hupitia, zina sheria kali sana juu ya dawa za aina hii. Zungumza na daktari wa kliniki aangalie uwezekano wa kijana kupewa dozi yake katika kliniki ya mji wa mkutano, na mambo hayo yawe kwenye maandishi kabla hamjanunua tiketi. Msimkatizie dozi kwa ajili ya safari. Kijana aliyepata nafuu kwa taabu asirudishwe kwenye unga kwa sababu sisi tulitaka asikike ulaya.

Na akifika, ana la kuuliza. Mwaka 2024, katika mkutano wa Munich, yalisomwa matokeo ya sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu asiambukizwe: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wanaharakati walisimama kulekule kudai bei ipungue. Mwezi wa Julai 2025, mkutano wa sayansi ya VVU ulipofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi itumike. Kwetu Zanzibar, ambako maambukizi katika jamii kwa jumla hayafiki asilimia moja lakini yamejikusanya zaidi miongoni mwa makundi kama ya wanaojidunga, swali ni kama sindano hiyo itawafikia vijana wa maskani au itaishia kwa wale ambao ni rahisi kuwafikia. Utafiti wake kwa watu wanaojidunga umefanywa Marekani. Mimi nikiliuliza, watasema bibi mmoja mkunga mstaafu anasumbua. Wewe ukiliuliza, watakupa kadi ya mtu wa kuwasiliana naye. Yeye akiliuliza, itabidi wamjibu, kwa sababu anawajua kwa majina wenzake wasiokuja kliniki na sababu zinazowazuia.

Ikiwa mlango utakataa kabisa kufunguka, basi nenda wewe, mwanangu, wala usisuse, kwa kuwa kiti kitupu hakimsaidii mtu. Lakini kaa naye kabla hujaondoka, andika maswali yake kwa maneno yake mwenyewe, na uyasome kule ukisema ni ya nani, kama atakuruhusu kumtaja. Ukirudi, usianze na wakubwa wa ofisi. Anza maskani, uwaambie waliyojibiwa na ambayo hawakujibiwa.

Barua ya kwa waandaaji iandike wiki hii baada ya kuzungumza naye, na rasimu yake nitumie niione kabla hujaipeleka. Daktari wa kliniki muone mapema kwa habari ya methadone, kwani vibali hivyo huweza kuchukua muda mrefu.

Mwenyezi Mungu akulinde na akujaalie kheri katika kazi yako.

Mimi mama yako akupendaye,
Wete