Presha ya jicho baada ya kupanuliwa mboni

Pole kwa mzee, ndugu yangu. Umeuliza kama dawa ya kupanua mboni aliyowekewa baba yako mwenye glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha ya jicho kuwa juu) inaweza kumpandishia presha ya jicho. Inaweza, ila inategemea aina ya glakoma. Kwenye ile ya pembe iliyo wazi (pembe ni kona ya ndani ya jicho ambako maji ya jicho hupitia kutoka), presha ikipanda mara nyingi huwa kidogo, kisha hushuka dawa inapoisha nguvu; tropikamaidi, mojawapo ya dawa hizo, huchukua takriban saa 4 hadi 6. Ya kuogopa ni pembe nyembamba: mboni ikipanuka, irisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) inaweza kuziba pale maji ya jicho yanapopitia kutoka, presha ikapanda ghafla, juu sana ya kawaida ya milimita 10 hadi 21 za zebaki. Ndiyo maana pembe hukaguliwa kwanza. Muulizeni daktari kama anahitaji kupimwa presha tena kabla hamjaondoka. Matone yake ya kila siku asiyaruke, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Akipata maumivu makali, jicho jekundu, ukungu, duara za rangi kuzunguka taa au kutapika, mrudisheni hospitali mara moja, hata kama ni usiku, tafadhali. Mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuharibika ndani ya saa chache, na uoni uliopotea hivyo haurudi.