Homa ya ini C na sukari ya damu: majibu kwa wasomaji

Nina homa ya ini C kwa miaka mingi, na sasa nimeambiwa nina kisukari. Imekuwaje, nami kwetu hakuna mwenye ugonjwa huo?

Pole sana, ndugu yangu. Ini ndilo ghala la sukari mwilini: huiweka akiba tunapokula na kuitoa tunapofunga, kwa kufuata maelekezo ya insulini itokayo kwenye kongosho. Kirusi cha homa ya ini C huzaliana humo humo inini, na protini zake, pamoja na uvimbe wa muda mrefu, huvuruga upokeaji wa maelekezo hayo, hata ini likaendelea kumwaga sukari ambayo damu haiihitaji. Kongosho hujikaza kuongeza insulini, lakini huweza kuelemewa. Kisukari nacho huharakisha makovu ya ini, ndiyo maana nakusihi utibiwe yote mawili.

Tangu nianze vidonge vya ini, sukari yangu inashuka. Niache kipi?

Usiache chochote bila daktari wako, lakini mwone leo. Vidonge hivi, ambavyo kwa kawaida hutumiwa kwa wiki 8 hadi 12, huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Kirusi kinapotoweka, ini huanza kuitikia insulini tena, na dozi ya insulini au ya glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) iliyokufaa mwezi uliopita yaweza kuwa kubwa mno sasa. Ukitokwa na jasho, ukatetemeka, moyo ukaenda mbio au ukachanganyikiwa, kunywa maji yenye sukari papo hapo. Inaniuma kwamba mgonjwa huyu mmoja mara nyingi huhudumiwa na kliniki mbili zisizoulizana. Waambie madaktari wa kliniki zote mbili dawa zote unazotumia.

Nyumbani tunachangia kisindano cha kutoboa kidole. Kuna ubaya?

Upo. Kirusi hiki hupita kwenye damu, hata isiyoonekana kwa macho, na chanjo yake haipo. Kila mtu awe na chake.

Mwenye kisukari apimwe homa ya ini C?

Naona inafaa, hasa aliyewahi kuongezewa damu au kudungwa sindano zisizo salama. Misri, katika kampeni yake ya 2018 na 2019, ilipima homa ya ini C, sukari na shinikizo la damu kwa mpigo. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na kirusi, kikiwa chanya, omba cha kirusi chenyewe, kwa kuwa kingamwili hubaki hata kwa aliyekwisha kupona.