Saratani ya damu baada ya mionzi: miaka 10 haitoshi kusema umesalimika
Je, aliyepata mionzi akimaliza miaka 10 bila lukemia, yaani saratani ya damu, hatari imeisha? Hapana, haiishi, inapungua tu. Kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, lukemia ilianza kuongezeka miaka 2 hivi baada ya mabomu ya atomiki ya 1945, ikafika kilele kati ya mwaka wa 6 na wa 8, kisha ikashuka polepole. Waliokuwa watoto ndio walioumia zaidi, na mapema. Tunajua hivyo kwa sababu watu wapatao 120,000 wamefuatiliwa tangu 1950. Ila dozi, yaani kiasi cha mionzi mwilini, ndiyo inayoamua: eksirei moja ya kifua ni kama milisivati 0.1 (milisivati ni kipimo cha dozi hiyo), haifananishwi na bomu. Aliyepata dozi kubwa, akiona michubuko isiyo na sababu au fizi zinavuja damu, akapime seli za damu mara moja, hata miaka 40 ikiwa imepita.